Kozi ya Kiingereza cha kitaaluma kwa wanafunzi wa kutoka nje: nina saa 40, nianzie wapi na niache nini?

#1 Akoth_Dunga
Wadau, salamu. Nafundisha lugha katika chuo kimoja huku magharibi, jina lake tuliache. Muhula ujao nimekabidhiwa kozi mpya: Kiingereza cha kitaaluma kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaotoka nje ya nchi. Wengi ni wa Sudan Kusini, wakifuatiwa na Wakongo, Warundi na Wasomali kadhaa. Wiki 10, saa 4 kwa wiki. Kitabu hakuna, mtaala hakuna. Kuna barua ya mkuu wa kitivo, nusu ukurasa, inayosema "waboreshewe sarufi", basi.

Dai langu ni hili, nipingeni: sarufi siyo inayowaangusha. Nimepitia karatasi zao za mitihani. Mtu anakosea umoja na wingi kila mstari na bado namwelewa. Anapoangukia ni pale alipoulizwa alinganishe mifumo miwili naye akaeleza mmoja kurasa tatu. Au amemwaga noti za mhadhiri neno kwa neno, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaruhusiwa kuzigeuza kwa maneno yake. Nikizimaliza saa 40 kwenye nyakati za vitenzi, nitakuwa nimemsaidia nani?

Wenye uzoefu, karibuni.

#2 Mbuta_Mkavu
Mwalimu wa Kiingereza kaleta uzi wa Kiingereza kwa Kiswahili. Kisumu hatuishiwi.

#3 Ticha_Mstaafu
Mwalimu Akoth, hongera na pole kwa pamoja. Nimefundisha Kiingereza shule za upili Vihiga na Kakamega mpaka nikastaafu, na hapa nakupinga. Aliyeandika hiyo barua anajua anachosema. Sentensi ni tofali. Ukijenga insha kwa tofali zilizopasuka, mvua ya kwanza tu umerudi chini. Mtu hajui kuunganisha vishazi viwili, wewe unataka alinganishe mifumo? Mpe wiki 4 za sarufi kavu, jasho limtoke, ndipo mzungumze habari za insha. Sisi tulifundishwa hivyo, na tunaandika barua ambazo vijana wa leo na digrii zao hawawezi kuziandika.

#4 Njoro_Juu
Mimi si mtu wa lugha, nafundisha mambo ya udongo huku upande wa Nakuru. Nitasema kama msahihishaji.

Mzee Ticha, sikati alama kwa sababu ya sarufi. Sina muda huo. Ripoti ya maabara ina sehemu zake: lengo, mbinu, matokeo, mjadala. Mwanafunzi wa kutoka nje ananiletea hadithi. Asubuhi tulikwenda shambani, tukachimba, kulikuwa na jua kali, tukafurahi. Udongo anaujua, maana nikimuuliza kwa mdomo ananijibu vizuri kuliko Wakenya wengi. Ila kwenye matokeo ameweka maoni yake, na kwenye mjadala amerudia matokeo. Alama zinapotelea hapo, tena nyingi.

Mwalimu, kabla hujapanga chochote, pita idara ambazo hao vijana wanasomea. Omba mitihani iliyopita, na ripoti zilizokwisha kusahihishwa, iliyofaulu na iliyofeli. Ziweke mezani mbili mbili. Kozi yako iko mle, huna haja ya kuitafuta London.

#5 Bonde_La_Ufa
Jua kali Njoro? Huyo mwanafunzi alikuwa anatunga. Ungemnyima alama zote.

#6 Kamusi_Hai
Tuanze na hesabu kabla ya imani. Vipo viwango vya Ulaya vya umahiri wa lugha, A1 (anayeanza) mpaka C2 (mahiri kabisa), vilivyotolewa 2001. Watu wa mitihani ya Cambridge hukadiria kwamba mtu kufika B1 anahitaji saa 350 hadi 400 za kufundishwa tangu sifuri, na B2 saa 500 hadi 600. Yaani ngazi moja ni takriban saa 200. Mwalimu Akoth ana 40. Hata afundishe kama malaika hatampandisha mtu ngazi. Na wiki 4 za Mzee Ticha ni saa 16. Saa 16 zitarekebisha nini ambacho miaka ya shule haikurekebisha?

Kwa hiyo swali la kuboresha Kiingereza lifungwe. Swali ni vitu gani vichache vinavyotosha ndani ya saa 40 na vitamsaidia mtu mwaka huu huu. Hutchinson na Waters, 1987, waligawa mahitaji mara tatu: kile ambacho masomo yanamdai mwanafunzi, kile anachopungukiwa, na kile anachokitaka mwenyewe. Mara nyingi havielewani. Mkuu wa kitivo anataka sarufi, Njoro_Juu anataka ripoti, mwanafunzi mwenyewe ukimuuliza anataka kuongea bila kuchekwa. Barua yako imemsikiliza mmoja.

Kuhusu msamiati usihangaike, iko orodha ya maneno ya kitaaluma, maneno 2000. Anza nayo.

#7 Binti_Ijara
Kamusi_Hai, hapo mwisho rekebisha. Orodha ya kitaaluma ni ya Averil Coxhead wa New Zealand, na 2000 ni mwaka iliyotoka. Familia za maneno, yaani neno pamoja na minyumbuo yake, ni 570. Ile ya maneno yapata 2000 ni ya Michael West, 1953, na ni ya maneno ya kawaida ya kila siku. Hizo 570 ndizo zinachukua kama asilimia 10 ya maneno katika maandishi ya kitaaluma.

Halafu "Wasomali kadhaa" si kundi moja, Mwalimu. Aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Dadaab akafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ni sawa na mimi. Aliyetoka Mogadishu moja kwa moja ana safari tofauti kabisa.

#8 Mbuta_Mkavu
Mwaka umegeuka idadi. Sasa naelewa karo yetu hukokotolewaje.

#9 Njoro_Juu
Hiyo orodha ya 570 niliwahi kuonyeshwa na mwenzangu wa idara ya lugha. Ilikusanywa kutoka maandishi ya sanaa, biashara, sheria na sayansi. Ndani ya sayansi kuna baiolojia, kemia, fizikia na kadhalika. Kilimo hakimo. Udaktari haumo. Na kwa Mwalimu Akoth sitashangaa nusu ya darasa ni kilimo na uuguzi.

#10 Kamusi_Hai
Haimo kama somo, lakini maneno yake mengi yanatumika kote. Ndiyo maana ya orodha ya jumla. Ukitaka ya kilimo utataka na ya uuguzi, kesho ya uhasibu, na mwalimu ni mmoja. Huu ni mgogoro wa zamani katika fani hii: Kiingereza cha taaluma zote au cha kila taaluma peke yake. Anayeshinda mara nyingi ni bajeti.

#11 Kijana_wa_Torit
Salamu zenu. Mimi ni mmoja wa hao mnaowajadili. Natoka Sudan Kusini, nilisoma kambi ya wakimbizi ya Kakuma, KCSE nikaifanya hapo hapo. Nilipofika chuo (siyo cha Mwalimu Akoth, nadhani) nikapelekwa kozi kama hiyo kwa sababu ya pasipoti. Hawakunipima. Tukaanza na nomino ni nini.

Kuna Sudan Kusini mbili darasani, walimu wengi hawazioni. Wakati wa vita, shule za miji iliyokuwa chini ya serikali ya Khartoum, kama Juba, Wau na Malakal, zilifundisha kwa Kiarabu. Sisi wa upande wa pili na wakimbizi tulifuata mtaala wa Kenya au wa Uganda. Mwaka 2011 Kiingereza kikawa lugha rasmi, sawa, lakini sheria haimfundishi mtu kusoma. Binamu yangu alianza kwa Kiarabu. Ana akili kuniliko. Akisoma ukurasa wa Kiingereza mimi nimemaliza tatu. Kiarabu cha kawaida hakiandikwi irabu fupi, jicho limezoea kushika konsonanti, kwa hiyo maneno mawili ya Kiingereza yanayotofautiana irabu tu yanamchanganya. Yeye na mimi tukiwekwa chumba kimoja, mmoja wetu anapotezewa muda.

Shida yangu mimi ilikuwa kusikiliza. Mhadhiri anaanza kwa Kiingereza, anaeleza kwa Kiswahili, anatania kwa Kijaluo, halafu mtihani unatoka kwenye ule utani.

#12 Mbuta_Mkavu
Mtihani kutoka kwenye utani. Kijana, wewe umehitimu tayari.

#13 Mama_wa_Uvira
Asante kijana. Mimi natoka Uvira, niko uzamili, Kiswahili changu ni cha Kivu, mtanistahimili.

Shule yote tulisoma kwa Kifaransa, Kiingereza kilikuwa somo moja tu. Nilipokuja nilikuwa nimejifunza kwa kaseti za Waingereza. Muhadhara wa kwanza nikadhani nimeingia chumba cha lugha nyingine. Mwalimu wa kwanza ana r na l zinazobadilishana viti, wa pili anazungumza kasi ya matatu ya Busia. Sisemi ni vibaya, ndiyo sauti za hapa, na sasa nazipenda. Nasema mazoezi ya kusikiliza yachukuliwe hapa. Rekodi wahadhiri wenu wenyewe, dakika kumi kila mmoja, Mluo, Mluhya, Mkalenjin, Mkikuyu. Redio ya London haitanisahihishia mtihani.

Jambo la pili. Ile orodha ya 570 isiwe ya wote. Mengi ni maneno ya asili ya Kilatini, sisi tuliosoma Kifaransa tunayajua kabla ya kufundishwa. Mimi nilikuwa naelewa kitabu cha sosholojia na siwezi kuomba sufuria sokoni Kibuye kwa Kiingereza. Mwenzangu wa Juba alikuwa kinyume, mtaani hashikiki, kwenye kitabu amekwama.

La tatu ni kuandika. Kwetu insha ina mwendo wake: unatoa dai, unatoa dai linalopingana nalo, mwisho unayasuluhisha. Msimamo wako unaonekana mwishoni. Hapa niliandika hivyo, nikarudishiwa na wino mwekundu: msimamo wako ni upi? Ulikuwa ukurasa wa nne. Hakufika.

#14 Kamusi_Hai
Mama wa Uvira ametugusia jambo kubwa. Mwaka 1966 Robert Kaplan, Mmarekani, alidai kwamba kila utamaduni una umbo lake la kupanga hoja, akachora na michoro: Kiingereza mstari mnyoofu, lugha za Kisemiti zigizaga, za Asia mashariki mzunguko, na zile za jamaa ya Kifaransa mstari wenye kuchepuka chepuka. Alipingwa sana, na haki yao. Lakini walimu wengi wanakiri kwamba mwanafunzi anakuja na umbo alilofunzwa shuleni. Usimwambie hajui kuandika. Mwambie hapa tunataka dai mbele.

Sababu nyingine ya kufikiria. Jim Cummins wa Kanada mwaka 1979 alitenganisha lugha ya mazungumzo na lugha ya kitaaluma. Ya kwanza mgeni huipata kwa kama miaka 2, ya pili miaka 5 hadi 7. Ndiyo maana yule mwenzake wa Juba mtaani hashikiki na kitabuni amekwama.

#15 Mama_wa_Uvira
Daktari, mimi nachepuka chepuka? Huyo Kaplan alitaka kunichora bila kuniona.

Na huyo wa Kanada aliwapima watoto wa wahamiaji shuleni. Mimi niliingia hapa na digrii. Lugha ya kitaaluma ninayo, iko kwa Kifaransa, natafuta mlango tu wa kuihamisha. Huwezi kunihesabia miaka 7 kama mtoto wa darasa la kwanza.

#16 Kamusi_Hai
Hata Cummins mwenyewe anakubaliana nawe. Alisema umahiri wa kitaaluma wa lugha ya kwanza huhamia kwenye ya pili. Kwa hiyo nilichosema kinasimama.

#17 Bonde_La_Ufa
Wasomi kama Kamusi_Hai hawashindwi. Ukiwapinga, ulikuwa unawaunga mkono.

#18 Ticha_Mstaafu
Naona kila mmoja anamtaja Mzungu wake. Wangu sina. Nina swali moja kwa Njoro_Juu. Hiyo ripoti yako ya udongo, sehemu ya mbinu inaandikwa vipi? Si kwa kauli ya kutendwa? Udongo ulichukuliwa, ulikaushwa, ulichekechwa. Na matokeo yanasemwa kwa wakati gani? Na mjadala si unataka lugha ya tahadhari, "huenda", "yaelekea", "inadokeza"? Hiyo yote ni sarufi, ndugu zangu. Mmeikataa mlangoni mkaiingiza kwa dirisha.

#19 Njoro_Juu
Mzee umenishika hapo. Lakini ni sarufi ya mistari sita, siyo kitabu kizima. Na inafundishwa ripoti ikiwa mkononi, siyo ubaoni peke yake.

#20 Ticha_Mstaafu
Tofali ni tofali, liwe ubaoni au mkononi.

#21 Afisa_Masijala
Niwatoe kwenye nadharia kidogo. Niko ofisi za usajili za chuo kimoja, sitasema kipi. Mnapanga wiki ya kwanza hivi, ya pili vile. Mnajua wanafunzi wa kutoka nje wanafika lini? Pasi ya mwanafunzi ya uhamiaji inachelewa, vyeti vyao lazima vilinganishwe na vya hapa, pesa za karo zinatumwa na mjomba aliyeko nchi ya tatu. Wiki ya kwanza utakuta watu wanne. Kufika ya nne darasa limejaa, na waliofika mwisho ndio wenye shida zaidi. Kozi yako ya wiki 10 hesabu kama 6. Mimi naona wengi wanafeli kwa sababu walikosa mwezi mzima wa mihadhara, kisha tunasingizia lugha.

#22 Kijana_wa_Torit
Afisa amesema kweli tupu. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa natafuta bedsita wakati wenzangu wanafanya CAT, jaribio la katikati ya muhula, ya kwanza.

#23 Akoth_Dunga
Asanteni sana, nimesoma yote. Nilichobadilisha mpaka sasa: nitapima kwanza. Siyo mtihani wa kujaza nafasi. Nitawapa ukurasa mmoja wa kitabu chao wenyewe, waufupishe kwa aya moja, na dakika kumi za muhadhara waandike noti. Atakayefanya vizuri kama Kijana_wa_Torit aachiliwe, hata akiwa na pasipoti ya wapi.

Halafu nafikiria kila wiki iwe na moyo mmoja. Maswali ya mtihani yanataka nini. Noti za muhadhara. Kusoma bila kusoma kila neno. Kufupisha. Kunukuu na kutaja chanzo. Utangulizi wa insha nitautolea wiki mbili, kwa ule mpango wa Swales wa 1990: unaonyesha uwanja, unaonyesha pengo lililoachwa, unasema wewe unaliziba vipi. Nimeutumia kwa wa uzamili wakafunguka macho. Ripoti ya Njoro_Juu iingie hapo. Sarufi ya Mzee iingie kila inapohitajika, isiwe na wiki yake.

Afisa, hilo la kuchelewa limenikosesha usingizi. Labda kila wiki isimame peke yake ili anayeingia ya nne asiwe mgeni wa hoja. Ila basi hakuna kinachojengwa juu ya kingine.

#24 Kamusi_Hai
Mpango wa Swales ulitokana na makala za utafiti, Mwalimu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haandiki makala. Pengo gani ataliona katika fani aliyoanza juzi? Utamfanya aigize.

#25 Binti_Ijara
Hata kuigiza ni kujifunza. Lakini nakubali wiki mbili ni nyingi. Zipeleke kwenye kusoma. Mwaka wa kwanza ni kusoma, kuandika kunakuja baadaye.

#26 Komredi_Mwenge
Swali la kijinga: kwa nini wa kutoka nje tu? Sisi Wakenya tunakusanywa mamia kwenye ukumbi mmoja kwa ile uniti ya stadi za mawasiliano, mhadhiri anasoma slaidi, tunapiga picha kwa simu, tunatoka. Sijawahi kufundishwa kufupisha maishani. Komredi wa Burundi niliyekaa naye hosteli alikuwa anaandika kunishinda. Nchi zenyewe zote sasa ziko Jumuiya ya Afrika Mashariki, Burundi tangu 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. "Kutoka nje" ni wapi?

#27 Mama_wa_Uvira
Komredi amenisemea. Darasa la peke yetu lina harufu ya karantini. Nilikuwa naingia naangalia nyuma kama kuna mtu ananiona.

#28 Kijana_wa_Torit
Mimi napinga. Binamu yangu kwenye ukumbi wa mamia hatauliza swali mpaka ahitimu. Kwenye darasa dogo la watu kama yeye aliuliza kila siku. Aibu ipo, lakini kunyamaza miaka 4 ni kubaya zaidi.

#29 Komredi_Mwenge
Warundi wamesomea Kifaransa tu, kwa hiyo wao ndio wa kuhurumiwa zaidi.

#30 Binti_Ijara
Si kweli kwamba ni Kifaransa tu. Kirundi ni lugha ya wote kule, na Kiingereza kilifanywa lugha rasmi 2014. Usiwachanganye na Rwanda, ambayo ndiyo iliyohamisha masomo yake kwenda Kiingereza kuanzia 2008. Na wewe hapo juu ulisema Mrundi alikuwa anakushinda, sasa unamhurumia.

#31 Bonde_La_Ufa
Mnahangaika bure. Tangu ChatGPT itoke mwisho wa 2022 kozi hizi zimekufa. Mtu anaandika kwa Kifaransa, mashine inampa Kiingereza safi kuliko cha Mzee Ticha.

#32 Njoro_Juu
Mtihani wa mwisho kwetu ni alama 70 kati ya 100. Unafanywa ukumbini, kalamu na karatasi, simu imeachwa mlangoni. Hiyo mashine ataingia nayo kama mwakenya, kile kikaratasi cha kuibia mtihani, kaikunja kwenye soksi?

#33 Mbuta_Mkavu
Mwakenya wa ChatGPT, kurasa 40 kwenye soksi. Mguu hauingii kiatuni.

#34 Binti_Ijara
Lakini zile 30 za CAT na kazi za nyumbani? Huko ndiko wanakonaswa. Programu ya kukagua maandishi inatoa asilimia ya mfanano, mhadhiri anaona namba kubwa anasema wizi. Ile namba inaonyesha maneno yanayofanana tu, hata orodha ya marejeo inaweza kuhesabiwa. Mwanafunzi aliyenukuu kwa usahihi anaitwa mwizi, na aliyepitisha kila kitu kwenye mashine anapita msafi. Mwalimu Akoth, wafundishe kuisoma ile ripoti. Tena na wahadhiri waje wafundishwe.

#35 Shabiki_wa_Ngege
Suluhisho rahisi, walazimisheni wafanye IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kabla ya kuja. Asiyefaulu abaki kwao.

#36 Kamusi_Hai
IELTS haina kufaulu wala kufeli. Inatoa alama 0 hadi 9, na kila chuo kinajiwekea chake. Na unamtoza kijana wa kambini ada ya mtihani kwa dola ili aje asome Kenya, halafu mhadhiri wake anamfundisha kwa mchanganyiko wa Kiingereza na Kiswahili?

#37 Shabiki_wa_Ngege
Basi samahani, nimepita tu. Nani anajua bei ya omena Luanda leo?

#38 Mama_wa_Uvira
Mpaka sasa hakuna aliyesema hili. Sisi Wakongo wa mashariki na Warundi wengi tunajua Kiswahili. Kwa nini usitueleze kazi ya insha kwa Kiswahili dakika tano, kisha tuandike kwa Kiingereza? Kikundi kijadili swali kwa Kiswahili, kipate hoja, halafu kitafute namna ya kuisema. Mimi nikifikiri kwa Kiingereza nafikiri kama mtoto.

#39 Ticha_Mstaafu
Hapana, mama. Mlango huo ukiufungua haufungiki. Shuleni kwetu aliyesema Kiluhya alivishwa kibao shingoni.

#40 Komredi_Mwenge
Na Mzee, kibao hicho kilimfundisha nani utangulizi wa insha?

#41 Kijana_wa_Torit
Ningeunga mkono, ila binamu yangu hajui Kiswahili. Yeye ni Kiarabu cha Juba. Mkijadili kwa Kiswahili mmemtoa nje mara ya pili. Labda kila meza ijadili kwa lugha yake.

#42 Akoth_Dunga
Kila meza kwa lugha yake nimeipenda. Sijui mkuu wa kitivo akipita dirishani atasikia nini.

Sasa nisaidieni hili dogo maana limegoma kuliko nadharia zote. Nimepewa Ijumaa saa saba hadi saa tisa mchana, na Jumamosi asubuhi.

#43 Binti_Ijara
Ijumaa saa saba wanafunzi wako Waislamu wako msikitini. Hiyo ondoa.

#44 Komredi_Mwenge
Na Jumamosi Wasabato. Huku kwetu Nyanza ukiweka darasa Jumamosi utafundisha madawati.

#45 Ticha_Mstaafu
Msiende jioni pia. Kuanzia saa tisa Kakamega mvua inapiga mabati huwezi kujisikia mwenyewe, sembuse hizo rekodi za wahadhiri.

#46 Bonde_La_Ufa
Kozi ya kusikiliza chini ya mabati. Hapo ndipo mtajua nani B2.

#47 Akoth_Dunga
Niko Kisumu, Mzee, lakini na sisi mabati tunayo. Basi naomba Jumanne na Alhamisi saa moja asubuhi, saa mbili mbili. Wa mbali watanichukia.

#48 Afisa_Masijala
Jumanne asubuhi kwa vyuo vingi vyumba vyote vimeshikwa na watu wa uhasibu. Ulizia chumba cha maktaba mapema, na uandike idadi ya wanafunzi wa wiki ya nne, siyo ya kwanza, la sivyo utapewa cha viti kumi.